Wayland au X11 kwa gemu za Linux: monita yako ndo inaamua

Watu wakianza kuongelea Wayland na X11, njia mbili za Linux za kupeleka picha za programu kwenye kioo, swali la kwanza kwenye gemu linakua ipi inatoa FPS nyingi (fremu, yaani picha, kwa sekunde), na mi kwa muda niliocheza kwenye Linux naona hilo swali halikufikishi popote, kwasababu gemu lile lile, kadi ya grafiki ile ile, tofauti ya FPS kati ya hivi viwili mara nyingi ni ndogo mpaka huwezi kuihisi mkononi. Kinachobadilika ni safari ya fremu kutoka kwenye kadi mpaka kwenye kioo, nani anaipokea, anaisubirisha muda gani, na anaionyesha saa ngapi. Na hiyo safari inategemea zaidi monita uliyonayo, na idadi yake, kuliko jina la distro (aina ya Linux uliyoweka). Kwahiyo mtu akiniuliza achague ipi mi namuuliza kwanza una monita ngapi na zina Hz ngapi (zinabadilisha picha mara ngapi kwa sekunde), afu ndo tunafika kwenye kadi.

Naandika hivi nikiwa na mashine tatu za kuzitolea mfano. Kuna deskitopu yangu yenye kadi ya AMD na monita mbili, moja ya 144 Hz yenye FreeSync (jina la AMD la VRR, yaani monita kubadili Hz zake kufuata mwendo wa gemu) na nyingine ya 60 Hz niliyoichukua used Kariakoo kwa ajili ya kuweka chati na video pembeni. Kuna laptopu ya kazi yenye grafiki za Intel tu. Afu kuna deskitopu ya mdogo wangu, ile aina ya kompyuta za ofisi zinazouzwa mtumba, ndani tumeweka GTX 650, kadi ya zamani ya Nvidia. Zote zinaendesha Linux na kila moja imeishia sehemu yake, na naamini zimekaa panapotakiwa.

Historia kidogo, maana bila hiyo mambo mengine hayaeleweki. X ilianza 1984 pale MIT, na toleo la 11 ambalo ndo hilo tunaita X11 lilitoka Septemba 1987. Kipindi hicho hamna mtu anawaza monita ya 144 Hz, kilichokua kinawazwa ni programu iendeshwe kwenye kompyuta kubwa huko na picha itokee kwenye terminali yako hapa kupitia mtandao. Miaka yote iliyofuata watu waliongezea vitu juu yake, monita nyingi, uwazi, 3D, na inashangaza kwa kweli jinsi ilivyobeba. Wayland aliianzisha Kristian Høgsberg mwaka 2008, na wazo lake lilikua tuondoe mtu wa kati. Kwenye X11 kuna seva, afu pembeni kuna kompozita inayopanga madirisha, na hawa wawili wanarushiana picha. Kwenye Wayland kompozita ndo seva yenyewe, kazi zote ziko sehemu moja.

Hapo kuna kitu ambacho kingenisaidia sana ningekielewa mapema, kwamba Wayland sio programu unayoiinstoo. Ni protokali, makubaliano tu, afu wanaotengeneza deskitopu kila mtu ana yake, KDE wana kompozita yao KWin, GNOME wana Mutter, kuna Sway, kuna Hyprland, na kila mmoja anatekeleza kwa kasi yake. Ndo maana unakuta mtu anasema Wayland inakubali VRR tangu zamani na mwingine anabisha kabisa, na wote wako sahihi! KWin iliipata kwenye Plasma 5.22 (Plasma ndo deskitopu ya KDE) mwaka 2021, GNOME ikaja kuiweka kama kitu cha majaribio kwenye toleo la 46, Machi 2024. Kwahiyo ukisoma malalamiko ya mtu kuhusu Wayland angalia kwanza anatumia deskitopu gani na toleo gani, na aliandika mwaka gani, maana kwenye hii mada andiko la miaka mitatu nyuma limeshazeeka.

Sasa nirudi kwenye monita zangu mbili, kwasababu hapa ndo nilipojifunza zaidi.

Kipindi nipo X11 mdogo wangu alikuja akakaa kwenye mashine yangu acheze, kwenye monita ya 144, huku monita ya pili kuna mpira unaendelea. Akacheza kidogo afu akageuka, "Kaka, mbona inaruka ruka na hapa juu inaandika FPS 140?" Na kweli, MangoHud (kiprogramu cha kuonyesha FPS juu ya gemu) inaonyesha 140, mstari wa muda wa fremu umenyooka kabisa, lakini ukizungusha kamera unaona picha inavuta vuta. Nikamwambia sitisha mpira. Akasitisha. Ikawa laini kidogo. Nikamwambia chomoa waya wa monita ya pili, akachomoa, na gemu likateleza kama siagi.

Maelezo yake ni haya. X11 inaziona monita zako zote kama kioo kimoja kikubwa kilichounganishwa, na kompozita ikiwa imewaka mara nyingi inaenda kwa mwendo mmoja kwa kioo chote. Monita ya 60 Hz inataka fremu kila baada ya milisekunde 16.7 hivi, ya 144 inataka kila baada ya 6.9, na hizo namba mbili haziingiliani vizuri, kwahiyo mmoja lazima amsubiri mwenzie, na gemu likiwa kwenye dirisha au kwenye fulu skrini ya uongo isiyo na mipaka, ndo linapatikana na hiyo subira. MangoHud haidanganyi, ila inahesabu fremu ambazo gemu limetengeneza, haihesabu zilizofika machoni kwako kwa wakati. Hii ndo sababu nasema msichague kwa FPS. Unaweza kua na 140 kwenye kona ya kioo na macho yanapata kitu cha chini ya hapo.

Kwenye X11 dawa zipo, usinielewe vibaya. Unazima kompozita ukianza gemu, unacheza fulu skrini ya kweli, au unachomoa monita ya pili, na wapo watu wanaishi hivyo freshi kabisa. Lakini ukizima kompozita picha inaanza kuchanika, unageuka haraka unaona nusu ya juu ya ukuta iko hapa na nusu ya chini imebaki kule, ukiwasha VSync (gemu linasubiri monita) inaacha kuchanika ila mausi inakua nzito. VRR ingetatua, ila kwenye X11 VRR mara nyingi inagoma ukiwa umechomeka monita zaidi ya moja, kwasababu ile ile ya kioo kimoja kikubwa.

Nikaingia sesheni ya Wayland kwenye Plasma, monita zile zile, waya zile zile, mpira ule ule pembeni, na tatizo likaisha. Kila monita ina mwendo wake. Ile ya 144 ikawasha FreeSync yenyewe gemu likiwa fulu skrini, ya 60 ikaendelea na video yake bila kumgusa mwenzie. Kwa mtu mwenye monita mbili zisizofanana mi sioni mjadala hapo, nenda Wayland. Na kwa mtu mwenye monita moja ya 60 Hz, kiukweli kabisa, hutaona tofauti ya maana, kaa ulipo mpaka pale distro yako itakapokuhamisha.

Watu wa gemu za kupiga risasi walikua na lalamiko la haki na linastahili kuelezwa vizuri. Lengo la Wayland tangu mwanzo lilikua kila fremu itoke kamili, isichanike hata mara moja. Kwa mtu anayeandika barua au kuangalia video hiyo ni raha, ila kwa mtu wa ushindani fremu kamili iliyochelewa ni hasara, yeye anataka fremu mpya hata kama imekatwa katikati, ilimradi kidole chake na kioo viko pamoja. X11 bila kompozita ilimpa hicho. Wayland haikua nacho kabisa mpaka mwisho wa 2022 protokali ya kuruhusu kuchanika ilipopitishwa, na hata hapo haikutosha, maana kerneli, kiini cha Linux, nayo ilikua haijawa tayari, watu wa AMD kwenye KDE ikawa lazima waongeze `KWIN_DRM_NO_AMS=1` ndo ifanye kazi, mpaka kerneli 6.8 ya Machi 2024 ilipomaliza hilo. Saivi kwenye Plasma ni kisanduku tu unatiki kwenye setingi za monita, kuruhusu kuchanika kwa madirisha ya fulu skrini. Mi nimekitiki afu nikizima VSync ndani ya gemu nahisi mausi iko vile vile kama enzi za X11. Kama una VRR hutaihitaji sana, ukiweka kikomo cha FPS chini kidogo ya Hz za monita, mfano 138 kwa monita ya 144, unapata laini na wepesi kwa pamoja, na hiyo ndo setingi ninayotumia karibu kila gemu.

Kuna kitu kinawachanganya wageni. Ukiwa ndani ya Wayland, gemu lako karibu kila mara bado ni la X11! Gemu za Windows zinapita kwenye Proton, ambayo Valve, wenye duka la gemu la Steam, waliitoa Agosti 2018, na Proton ndani yake ni Wine, programu ya kuendesha vitu vya Windows kwenye Linux, na Wine kwa kawaida inaongea X11. Katikati kuna XWayland ambayo ni seva ya X inayoishi ndani ya Wayland na kupokea hizo programu. Kwa picha zenyewe hailemei sana. Shida yake inakuja kwenye ukuzaji wa kioo, na hili lilinisumbua kwenye laptopu. Kioo ni 1920 kwa 1080, nimekikuza 125% ili maandishi yasomeke, nafungua gemu naenda kwenye menyu ya ukubwa wa picha, naona kiwango cha juu kabisa ni 1536 kwa 864. Herufi zina ukungu, picha imefifia. Ukigawanya 1920 kwa 1.25 unapata 1536, 1080 kwa 1.25 unapata 864, kwahiyo gemu lilikua linaambiwa kioo ni kidogo, linachora kidogo, afu kompozita inavuta picha ijae. Kwenye KDE ingia setingi za monita, tafuta sehemu ya programu za zamani za X11, uchague zijikuze zenyewe badala ya kukuzwa na mfumo, funga gemu ufungue tena na 1920 kwa 1080 inarudi. Ukitaka kujua programu fulani inapita XWayland au la fungua `xeyes`, yale macho yanafuata mausi pale tu mausi ikiwa juu ya dirisha la X11, ikiingia dirisha la Wayland halisi yanaganda. Na ukitaka kujua sesheni yako nzima ni ipi andika `echo $XDG_SESSION_TYPE` kwenye terminali, usibahatishe.

Jambo la tatu baada ya monita na mausi ni sauti za wenzako, na hapa Wayland inaudhi. Tunacheza kama timu, tunaongea kwa programu ya maongezi, kila mtu anabonyeza kitufe ndo asikike. Kwenye X11 hiyo inafanya kazi bila kuwaza, kwasababu X11 inaruhusu programu yoyote kusikia kila kitufe unachobonyeza popote ulipo, pamoja na pale unapoandika password ya benki. Wayland imefunga huo mlango, programu inasikia vitufe pale tu ikiwa mbele. Naunga mkono kabisa hiyo hatua, ni usalama wa kweli, lakini siku ya kwanza nilibonyeza kitufe nikiongea peke yangu gemu zima. Kwenye Plasma kuna setingi ya kuruhusu programu za X11 kusikia vitufe, unachagua visisikike kabisa, au vile vya Ctrl na Alt tu, au vyote. Nimeweka hiyo ya kati na kitufe changu cha kuongea nimekihamishia huko. Kuna njia rasmi pia ya programu kuomba vitufe kwa kompozita, ila inahitaji programu yenyewe iwe imeandikwa kuitumia, na nyingi bado. Kurekodi hakunipi shida tena, OBS inachukua kioo kupitia PipeWire (njia ya Linux ya kupitisha video na sauti) tangu toleo la 27, unachagua dirisha unalotaka na basi.

Nvidia. Hapa maneno yamekua mengi na mengi yamepitwa. Kwa miaka Nvidia na watengenezaji wa kompozita walikua na njia tofauti za kupeana picha, upande mmoja EGLStreams upande mwingine GBM, mpaka draiva 495 ya Oktoba 2021 ilipoleta GBM. Baada ya hapo kikabaki kile kilio maarufu cha fremu kurudi nyuma, gemu linaonyesha fremu mpya afu ya zamani afu mpya, na chanzo kilikua ni kusubiriana. Mfumo wa picha wa Linux ulizoea draiva isubiri kimya kimya mpaka fremu imalizike kuchorwa, draiva ya Nvidia haikujengwa hivyo, yenyewe ilitaka kila upande useme wazi fremu hii iko tayari, sasa chukua. Protokali ya kusema wazi, `linux-drm-syncobj-v1`, ilipitishwa 2024, XWayland 24.1 ikaipokea Mei, draiva 555 na Plasma 6.1 zikafuata ndani ya miezi michache. Kwahiyo mwenye kadi ya RTX (Nvidia za karibuni) anayesoma ushauri wa 2023 unaomkataza Wayland, ushauri huo ulikua sahihi wakati wake, ajaribu tena akiwa na vitu hivyo au vipya zaidi.

Lakini kadi ya zamani ni habari nyingine, na huku kwetu kadi za zamani ndo nyingi. GTX 650 ya mdogo wangu ni kizazi cha Kepler, kizazi hicho kiliishia draiva 470, na GBM ilianza 495. Kwa draiva ya Nvidia yenyewe hamna namna ya kuvuka hapo. Nimemwekea Linux Mint, sesheni ya X11, kadi inafanya kazi yake kimya bila tabu. Draiva hiyo pia haifiki Vulkan 1.3 (lugha ya gemu kuongea na kadi), na DXVK, inayogeuza grafiki za gemu za Windows kwenda Vulkan, kuanzia toleo la 2.0 inaitaka, kwahiyo kwenye Steam nimemfungia Proton 7.0 badala ya mpya na gemu zake zinafunguka. Monita yake ni moja, 60 Hz, hahitaji VRR, hahitaji HDR (rangi na mwanga zaidi), hakuna kitu Wayland ingempa ambacho hana. Mtu akimwambia aache X11 eti ni ya kizamani nitabishana naye mpaka asubuhi!

Kwenye laptopu ya Intel mshindi wangu ni gamescope, kompozita ndogo ya Valve, ndo hiyo hiyo inayoendesha gemu kwenye Steam Deck, kompyuta yao ya gemu ya mkononi, tangu itoke Februari 2022. Inalifunga gemu ndani ya kachumba kake peke yake, gemu linaona kioo utakachokiamua wewe. Grafiki za Intel haziwezi 1080 kwenye gemu nyingi, kwahiyo kwenye sehemu ya amri ya kuanzisha gemu ndani ya Steam naweka hivi:

`gamescope -w 1280 -h 720 -W 1920 -H 1080 -F fsr -f -- %command%`

Gemu linachora 720, gamescope inalikuza mpaka 1080 kwa FSR (mbinu ya AMD ya kukuza picha), na inaonekana safi zaidi kuliko gemu lenyewe likijikuza. Gemu za zamani zinazopotea ukibonyeza Alt na Tab, au zinazovuruga ukubwa wa kioo chote zikifunguka, humu zinatulia. Inakwenda hata ukiwa X11, japo mi naiona tulivu zaidi ndani ya Wayland.

Kuna wanaosema wasubiri tu mpaka mambo yaishe. Sawa, ila mlango wa X11 unafungwa na ni vizuri kujua kalenda. GNOME 49 ya Septemba 2025 ilikuja na sesheni ya X11 imezimwa, Ubuntu 25.10 na Fedora 43 Workstation zikaenda Wayland pekee, na KDE wametangaza Plasma 6.8 haitakua na sesheni ya X11. Programu za X11 zenyewe haziendi popote, XWayland ipo. Kinachoondoka ni kuingia deskitopu nzima kwa X11. Wenye kadi kama ya mdogo wangu wana Xfce na Cinnamon bado, na sio deskitopu za kuhurumiwa, ni nyepesi na zimekomaa.

Kitu nachokisubiri kwa hamu ni Wine iache kabisa kupita XWayland. Draiva ya Wayland ndani ya Wine ilianza kama majaribio kwenye 9.0, Januari 2024, na kwenye GE-Proton (Proton iliyoongezewa vitu na watu wa nje ya Valve) unaiwasha kwa `PROTON_ENABLE_WAYLAND=1`. Nimeiwasha kwenye gemu za hadithi ninazocheza peke yangu na picha inatoka vizuri, ukuzaji wa kioo hauleti yale mambo ya 1536. Ila overlei ya Steam (dirisha la Steam linalokuja juu ya gemu) haifunguki ukiwa humo, na mi kwenye gemu za timu overlei naihitaji kuona nani kaniita, kwahiyo huko bado nimeiacha XWayland, na kila GE-Proton mpya ikitoka usiku bando likiwa bei rahisi naishusha najaribu tena.